Mcheza Kwao Hutunzwa: Tuzo za Wanasayansi wa Kutenganisha

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Aliyepata kuhudhuria ngoma ya harusi anaijua desturi yenyewe: mchezaji akicheza vizuri, watu huinuka, humwendea pale pale uwanjani na kumtuza kwa fedha au kwa kanga, jasho lake likiwa bado halijakauka. Neno letu "tuzo" limetokana na kitenzi hicho cha kutuza. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe mna mambo matatu: kwamba kazi imeonekana, kwamba waliotazama wanaielewa, na kwamba mchezaji ana kwao.

Katika sayansi mambo hayo matatu hayapatikani pamoja kila mara. Makala haya yanaeleza habari za tuzo walizopewa, na walizonyimwa, wanasayansi wa fani moja iitwayo kromatografia, yaani ustadi wa kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Nimeichagua fani hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, leo ni vigumu kupata maabara kubwa ya kemia, ya dawa au ya chakula isiyoitumia. Pili, historia ya tuzo zake inatuonyesha jinsi ulimwengu unavyoamua ni kazi ipi inayostahili heshima, na jinsi uamuzi huo unavyoweza kuchelewa hata ukamkuta mwenye kazi kaburini.

Kutenganisha ni nini?

Kila nyumba ina utaalamu wake wa kutenganisha. Mama apepetaye mchele katika ungo anatumia tofauti ya uzito: makapi hupeperuka, mchele ukabaki. Achujapo tui kwa kifumbu anatumia tofauti ya ukubwa: tui hupita, chicha ikabaki. Lakini mkemia mara nyingi hukabiliwa na mchanganyiko usiofaa ungo wala kifumbu, yaani kampaundi kumi au ishirini zilizoyeyuka pamoja, ambazo molekuli zake zinakaribiana sana kwa uzito na kwa ukubwa. Afanyeje?

Tufikirie watu mia moja wanaoingia soko la Kariakoo kwa pamoja, kila mmoja akiwa na nia ya kutokea upande wa pili. Asiyevutiwa na bidhaa yoyote atapita moja kwa moja. Apendaye vitambaa atasimama kila penye vitambaa. Apendaye kila kitu atasimama kila meza, naye atatoka wa mwisho. Kule watokako watu hao watafika kwa makundi, wenye tabia moja pamoja, ingawa hakuna aliyewapanga. Kromatografia hufanya vivyo hivyo. Kuna kitu kilichotulia, kama vile unga, karatasi au ute, na kuna kitu kinachopita, ambacho ni kimiminiko au gesi. Kampaundi inayonata sana kwenye kile kilichotulia huchelewa, na isiyonata hutangulia.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa gharama ndogo. Kata ukanda wa karatasi ya kuchujia. Sentimita 2 kutoka ncha ya chini, tia nukta ya wino mweusi wa aina inayoyeyuka katika maji. Usimamishe ukanda katika bilauri yenye maji ya kina cha sentimita 1, maji yasiiguse nukta. Maji yatapanda polepole katika karatasi, na kwa wino mwingi wa namna hiyo wanafunzi wataona weusi ukiachana na kuwa buluu, nyekundu au manjano, kila rangi ikisimama mahali pake. Weusi uliodhaniwa kuwa mmoja ulikuwa mkusanyiko.

Mtu asiyekuwa na kwao

Aliyeanzisha fani hii ni Mikhail Tsvet. Alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Asti nchini Italia. Baba yake alikuwa Mrusi na mama yake Mwitalia, na mama huyo alifariki muda mfupi baada ya kumzaa. Mtoto alilelewa Uswisi, akasoma huko, na mwaka 1896 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Geneva. Alipokwenda Urusi, nchi ya baba yake, aliambiwa kuwa shahada yake ya ng'ambo haitambuliwi, ikambidi asome upya ili apate shahada za Kirusi. Hatimaye alipata kazi mjini Warsaw, ambao wakati huo ulikuwa chini ya utawala wa Urusi.

Tsvet alikuwa mtaalamu wa mimea, na swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: je, rangi ya kijani ya jani ni kitu kimoja au ni vitu vingi? Alijaza unga wa kalsiamu kaboneti, yaani kitu kile kile kilichomo katika mawe ya chokaa, ndani ya bomba jembamba la kioo. Akamimina juu yake maji ya majani yaliyoyeyushwa, kisha akaongeza kiyeyushi safi. Rangi zikaanza kushuka kwa mwendo mbalimbali. Karotini ya manjano ilitangulia, na klorofili ikagawanyika katika pete mbili, moja ya kijani-buluu na nyingine ya kijani-manjano. Habari za kwanza za njia hii alizieleza katika mhadhara mjini Warsaw mwaka 1903, na mwaka 1906 akachapisha makala mbili kwa Kijerumani, ambamo njia hiyo aliipa jina la kromatografia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Ajabu ni kwamba jina lake mwenyewe, Tsvet, kwa Kirusi maana yake ni rangi.

Je, alituzwa? Kidogo. Mwaka 1910 alitoa kitabu kikubwa kwa Kirusi juu ya rangi za mimea na za wanyama, na mwaka uliofuata Chuo cha Sayansi cha Urusi kikampa tuzo kwa ajili yake. Lakini wakemia wakubwa wa Ulaya hawakushawishika. Makala zake zilitoka katika jarida la wataalamu wa mimea, si la wakemia, na kitabu chake kiliandikwa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuisoma. Richard Willstätter wa Ujerumani, aliyepata Zawadi ya Nobel ya Kemia mwaka 1915 kwa kuchunguza rangi hizo hizo za mimea, aliitilia shaka njia ya Tsvet.

Vita Kuu ya Kwanza ikamfukuza Tsvet mji baada ya mji, kutoka Warsaw hadi Moscow, kisha Nizhny Novgorod, kisha Tartu, na mwisho Voronezh. Huko alifariki mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 47. Kumbukumbu za Nobel huwa siri kwa muda wa miaka 50. Zilipofunguliwa ilijulikana kuwa mwaka 1918 profesa mmoja wa Uholanzi, Cornelis van Wisselingh, alimpendekeza Tsvet kwa Zawadi ya Kemia. Hakupewa. Mcheza kwao hutunzwa, lakini Tsvet kwao kulikuwa wapi? Kwa wakemia alikuwa mtu wa mimea, kwa watu wa mimea alikuwa mkemia, Uswisi alikuwa Mrusi, na Urusi alikuwa mgeni kutoka Uswisi.

Mbegu yake hata hivyo haikuoza. Willstätter, licha ya shaka zake, alikuwa na tafsiri ya Kijerumani ya kitabu kile, na tafsiri hiyo ikafika kwa Richard Kuhn mjini Heidelberg. Mwaka 1931 mtafiti kijana aliyefanya kazi pale, Edgar Lederer, aliisoma, akajaza unga katika bomba, akazitenganisha karotini ambazo wengine walizidhani kuwa kitu kimoja. Tangu hapo njia ya Tsvet ikaenea. Mwaka 1938 Kuhn alipewa Zawadi ya Nobel kwa kazi yake juu ya rangi za jamii ya karotini na vitamini, ingawa serikali ya Wanazi ilimlazimisha aikatae.

Hapa tunaona kanuni inayojirudia. Zawadi ilikwenda kwa kilichopatikana, haikwenda kwa njia iliyokipata. Walaji humsifu aliyepika wali, na ni nadra kusikia mtu akiuliza jina la aliyeupepeta mchele.

Sufu ya Leeds

Zawadi ya Nobel ya kwanza kutaja waziwazi kazi ya kutenganisha ilitolewa mwaka 1948. Ilikwenda kwa Arne Tiselius wa Uswidi, aliyetenganisha protini za damu kwa nguvu ya umeme, njia iitwayo elektroforesi, na ambaye pia alichunguza jinsi vitu vinavyonata juu ya uso wa vitu vingine.

Miaka minne baadaye, mwaka 1952, Waingereza wawili walipewa zawadi kwa ajili ya kromatografia yenyewe. Hao ni Archer Martin, aliyekuwa na umri wa miaka 42, na Richard Synge, wa miaka 38. Kazi yao kuu walikuwa wameifanya mjini Leeds, katika maabara ya utafiti wa viwanda vya sufu. Sufu ni protini, na protini hujengwa kwa asidi amino, ambazo zinafanana mno na ni taabu kuzitenganisha. Mwanzoni walitumia mtambo mkubwa uliokorogana, wa kutikisa maji na klorofomu pamoja mara nyingi mfululizo. Kisha wakapata wazo rahisi zaidi: maji na yatulie, na klorofomu peke yake ipite. Wakayanyonyesha maji chembechembe za jeli ya silika, wakazijaza katika bomba, na kuipitisha klorofomu kati yake. Kila asidi amino ikagawanyika baina ya maji na klorofomu kwa kadiri ya tabia yake, na hivyo zikaachana. Makala yao ilitoka mwaka 1941. Mwaka 1944 Martin na wenzake Consden na Gordon wakaonyesha kuwa hata karatasi ya kuchujia yaweza kushika maji yale, na kromatografia ikawa kazi inayofanyika mezani kwa gharama ya karatasi.

Matunda yake yalikuwa mengi. Frederick Sanger aliutambua mpangilio wa asidi amino katika insulini, akapata Nobel mwaka 1958. Melvin Calvin aliifuata njia ya kaboni ndani ya jani linalotengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua, akapata Nobel mwaka 1961. Wote wawili walitegemea kromatografia ya karatasi. Mwalimu afundishaye usanisinuru anaweza kuwaambia wanafunzi wake kwamba mzunguko wa Calvin ulisomwa katika madoa juu ya karatasi.

Katika makala ile ya mwaka 1941 Martin na Synge walikuwa wameandika kwamba kitu kinachopita si lazima kiwe kimiminiko, chaweza kuwa gesi. Wazo lilikuwa wazi kwa kila msomaji, lakini lilikaa zaidi ya miaka kumi, mpaka mwaka 1952 Martin mwenyewe, pamoja na Anthony James, alipolitekeleza na kutangaza matokeo.

Profesa wa Innsbruck na mwalimu wa sekondari

Hata hivyo kulikuwa na mtu mwingine aliyekwisha kuifikia gesi kwa njia yake. Erika Cremer, aliyezaliwa Munich mwaka 1900, alikuwa mkemia katika Chuo Kikuu cha Innsbruck nchini Austria. Alipata nafasi hiyo kwa sababu wanaume walikuwa vitani, naye aliambiwa kwamba wakirudi atapaswa kuondoka. Mwaka 1944 alipeleka makala fupi kwa jarida moja la Kijerumani, akieleza kuwa gesi zilizochanganyika zaweza kutenganishwa kwa kupitishwa juu ya kitu kigumu kinachozinatisha. Makala ilikubaliwa, lakini mabomu yaliteketeza kiwanda cha uchapaji. Haikuchapishwa mpaka mwaka 1976.

Maabara ya chuo nayo ilibomolewa kwa mabomu. Mwanafunzi wake wa udaktari, Fritz Prior, alikuwa mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari. Maabara kuu ilipoharibika, Prior aliendelea na utafiti huo katika maabara ya shule alimofundisha. Tasnifu yake aliimaliza mwaka 1947, miaka mitano kabla ya makala ya James na Martin. Chombo walichokiunda leo kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi mjini Bonn, Ujerumani. Walimu wanaosoma jarida hili na walikumbuke jambo hilo wanapoitazama maabara yao yenye birika chache na mizani mmoja.

Cremer hakupata Nobel. Lakini kwao hawakumsahau: mwaka 1958 alipewa nishani ya Exner na mwaka 1970 tuzo ya Schrödinger, zote za Austria. Alifariki mwaka 1996.

Wenye fani waanzisha tuzo zao

Kwa kuwa zawadi kubwa za ulimwengu huangalia zaidi wali kuliko ungo, wataalamu wa kutenganisha waliamua kutuzana wao kwa wao. Jumuiya ya Wakemia ya Marekani ilianza kutoa tuzo ya kromatografia mwaka 1961. Wa kwanza kuipokea alikuwa Harold Strain, mtafiti wa rangi za majani aliyeitumia na kuieneza njia ya Tsvet nchini Marekani. Hivyo tuzo ya kwanza ya jumuiya hiyo ilirudi pale fani ilipozaliwa, katika jani la kijani. Mwaka 1964 tuzo hiyo hiyo ilipewa Stanford Moore na William Stein wa New York, waliounda mtambo unaotenganisha na kupima asidi amino wenyewe bila kushikwa mkono. Mwaka 1972 wawili hao walipata Zawadi ya Nobel. Wenye fani walikuwa wameiona kazi yao miaka minane kabla.

Mwaka 1974 ikaanzishwa nishani yenye jina la Tsvet, na Erika Cremer ni mmoja wa walioipokea katika miaka hiyo ya 1970. Yaani mtu aliyenyimwa heshima akawa jina la heshima, na mwenzake aliyecheleweshwa na vita akaja kuivaa. Mwaka 1978 chama cha wanakromatografia cha Uingereza kilianzisha nishani ya Martin. Zipo pia tuzo zenye majina ya Marcel Golay, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyebuni mabomba membamba kama unywele ya kutenganishia gesi, na ya Csaba Horváth, Mhungaria aliyehamia Marekani na kuwa miongoni mwa waliounda mitambo ya kusukuma kimiminiko kwa shinikizo kubwa. Tuzo ya Horváth hupewa watafiti vijana, na huo ni uamuzi wa busara, maana tuzo ikimfikia mtu angali na nguvu humsaidia kufanya kazi, na ikimfikia uzeeni humsaidia kukumbuka tu.

Mambo haya yanatuhusu nini?

Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza, na uchunguzi ukaonyesha kuwa sumu ilitoka katika chakula cha karanga zilizoota ukungu. Ilikuwa kromatografia iliyoitenganisha sumu hiyo katika aina zake. Chini ya mwanga wa kiukaurujuani, aina moja ya madoa iling'aa buluu na nyingine kijani, ndiyo maana mpaka leo aina hizo huitwa B na G, kwa herufi za kwanza za majina ya rangi hizo kwa Kiingereza. Sumu hiyo ni ile tuiitayo sumukuvu. Mwaka 2004 iliingia katika mahindi ya wakulima wa Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua, na 125 wakafariki. Sumukuvu haina harufu wala haionekani kwa macho. Kati ya mtoto na uji huo anasimama mtu wa maabara, anayetenganisha na kupima. Jina lake halitangazwi popote, na akiifanya kazi yake sawasawa hakuna tukio lolote la kutangaza.

Naandika haya kwa sababu na mimi nimewahi kujikuta nikikosa jibu. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, nilitumia mwaka mzima na zaidi nikitenganisha viambato vya magome ya mti mmoja wa dawa wa kwetu. Siku ya mtihani, mmoja wa watahini alifunua kurasa zile harakaharaka, kisha akaniuliza: "Sayansi yenyewe inaanzia ukurasa gani?" Nilinyamaza. Shahada nilipata, lakini swali lile sikulisahau. Leo ningemjibu kwamba ilianzia ukurasa wa kwanza. Asiyejua kama alichonacho mkononi ni kitu kimoja au vitu ishirini, hana msingi wa kusema lolote juu yake.

Hivyo basi nina rai kwa walimu. Katika mashindano ya sayansi ya shule, mara nyingi tunamtuza mwanafunzi aliyetengeneza kitu cha kupendeza macho, na tunampita yule aliyepata njia bora ya kupima, ya kusafisha au ya kutenganisha. Na iwepo tuzo moja, hata ikiwa ni daftari na kalamu, kwa ajili ya njia. Na kwa mwanafunzi nasema hivi: andika unachokiona, kitangaze mahali ambapo wenye kukihitaji watakisoma, na usidharau kazi ya mikono kwa kuwa haina sifa leo. Tsvet alikufa akikimbia vita, na bomba lake la chokaa lilikuwa limekwisha kusahauliwa na wengi. Hivi sasa, katika maabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, dawa inapimwa kabla haijamfikia mgonjwa, na njia inayotumika ni ile aliyoipa jina mwaka 1906.